Muwa Niliouacha Msamvu

Naikumbuka siku moja pale stendi ya Msamvu, mwanangu, na nikiikumbuka sicheki. Watu wa umri wangu hupenda kusimulia ujana wao huku wakitabasamu, kana kwamba ujinga ukikaa miaka mingi hugeuka kuwa utamu. Wangu haujageuka. Kila nikiikumbuka siku ile hukasirika upya, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo ukisikia sauti yangu imepanda, vumilia. Sikugombezi wewe. Au pengine nakugombeza kidogo, maana nawe unakaribia kupanda ndege na wanao, na sijui umewaambia nini.

Mambo haya nilikuwa nimeyafungia kifuani. Lakini juzi binti mmoja jirani yangu hapa Bigwa, mama wa watoto wawili, alikuja kuniaga. Anakwenda kwa mumewe, na wanawe watapanda ndege kwa mara ya kwanza. Nikafurahi, nikamwombea safari njema. Wakati wa kutoka, yule mdogo akaanza kudeka mlangoni, naye akamwinamia akamwambia, "Wewe lia tu. Kwenye ndege ukilia, rubani anafungua mlango anakutupa nje." Mtoto akanyamaza pale pale. Mama yake akanigeukia anacheka, kama aliyenionyesha ufundi. Nilimfokea, mwanangu. Nilimfokea mpaka kuku wakatawanyika uani. Aliondoka amenuna, na nadhani huko kwake anasema bibi yule amezeeka vibaya. Aseme. Wewe kaa hapa nikueleze kilichonifokesha.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Viwanda vya hapa mjini vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, vingine vinafungwa milango na mashine zikiwa ndani. Mitumba imejaa sokoni, na hata ndege, ambazo sisi tulizijua kuwa ni za serikali, sasa watu binafsi nao walikuwa wanazirusha. Mume wangu, baba Shabani, alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Kiwanda kilipouzwa akapunguzwa, akahangaika karibu mwaka mzima, kisha akapata kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Kanda ya Ziwa. Baadaye mwajiri wake akamruhusu kuleta familia, na tiketi zetu za ndege zikaja, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Tulikuwa watatu: mimi, Shabani aliyekuwa na miaka sita, na mdogo wake Mwanaidi, wa miaka minne.

Maskini akipata, matako hulia mbwata. Tiketi zile nilizitembeza Bigwa nzima. Aliyekuwa kisimani alizisikia, aliyekuwa msibani alizisikia. Nikaenda mitumbani nikamtafutia Shabani suti ya bluu na tai ya mpira, Mwanaidi nikampatia gauni la marinda na viatu vya kung'aa vilivyombana vidole. Nikawanyoa, nikawasuka, nikawakata kucha. Nilitayarisha kila kitu kinachoonekana na watu. Vichwa vya wale watoto, na mioyo yao, sikuigusa.

Shabani alikuwa mtoto wa maswali. "Mama, ndege inapandaje? Inapita juu ya mlima? Ikifika juu inasimama?" Sikujua. Na badala ya kusema sijui, nikasema nyamaza. Kuuliza si ujinga, wote tunaimba hivyo, lakini mimi nilimfanya mwanangu aone kuuliza ni utovu wa adabu. Hofu yangu ilikuwa moja tu, nisiaibike. Nilikuwa nimeambiwa kwamba kwenye ndege wanapanda wakubwa wenye mikoba ya ngozi, na kelele za watoto hawazitaki. Basi wiki nzima, kila tukimaliza kula, nikawakalisha mkekani nikawaambia, "Kwenye ndege halii mtu. Anayelia rubani anamfungulia mlango anamtupa, na hakuna wa kushuka kumwokota." Mwanaidi alikuwa ananitazama huku ananyonya kidole. Shabani alikuwa anasikiliza. Mtoto mtii yule, ukimwambia neno linaingia na kukaa.

Na usidhani hila hiyo niliivumbua mimi. Sote tumelelewa nayo. Ukilia askari anakuja, ukilia daktari atakuchoma sindano. Halafu mtoto akipotea mjini anamkimbia askari, akiugua anamkimbia daktari, na sisi tunashika viuno tunashangaa mtoto kawa mwoga. Nani aliyemtia woga kama si sisi?

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi juu mlimani, upande wa Mgeta, kule wanakolima kabichi na karoti. Siku moja kabla ya safari aliteremka na lori la mboga kuja kutuaga. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na haendi mbali mpaka upande wa mama umtazame usoni na kumtolea neno. Watoto wakamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akawaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akamshika Shabani kidevu. Shabani akapiga chafya.

"Huyu ana mafua," mama akasema.

"Madogo tu, mama. Yataisha."

"Kwetu mwenye mafua hashuki mlima na lori. Anangoja siku mbili tatu, kamasi zikikauka ndiyo anashuka. Masikio yanaziba, mtoto anateseka. Mwambie mumeo mtakwenda wiki ijayo."

"Mama," nikasema, na hata leo naisikia sauti yangu ilivyokuwa na dharau, "ndege siyo lori la kabichi!"

Hakukasirika. Alinyoosha kidole kuelekea milimani, hapo hapo juu ya paa letu. "Lupanga unauona?"

"Nauona."

"Hiyo ndege inapita chini yake au juu yake?"

"Juu. Tena juu sana."

"Basi na kushuka itashuka zaidi ya lori letu. Hilo nalo linataka kusoma?"

Nikajifanya ninakunja nguo.

Nikueleze, maana wewe hujapanda lori la mboga. Wanawake wanaoleta mboga mjini wana desturi yao. Lori likianza kuteremka zile kona kali, yule aliyekaa mbele hupaza sauti, "Mezeni!" Hapo kila mama humpa mwanawe kipande cha muwa atafune, na mwenye mtoto mchanga humnyonyesha. Watu wanatafuna na kumeza, wanatafuna na kumeza, mpaka lori lifike tambarare, na masikio yanajizibua yenyewe. Hakuna aliyewafundisha darasani. Waliona mtoto anayemeza halii, wakalishika hilo, wakalirithisha. Nami nimekua hivyo hivyo. Nilitafuna muwa kwenye lori lile kabla sijaijua herufi a.

Asubuhi mama akatusindikiza Msamvu. Kwenye benchi la abiria akatoa kapuni kifurushi cha majani ya mgomba, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. "Muwa huu nimeumenya na kuukata mwenyewe, vipande vidogo," akaniambia. "Ndege ikianza kushuka wape watafune, wameze maji yake. Na watoto waambie kweli. Waambie itanguruma, itatikisika, masikio yataziba na yanaweza kuuma. Anayeumwa aseme." Nikakipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Kisha nikakitazama. Kilikuwa kinavuja, na inzi wawili wameshatua juu yake. Nikamwona Shabani wangu kwenye kiti cha ndege, na suti yake na tai yake, anatema makapi ya muwa mkononi mbele ya wakubwa. Haya ikanipanda mpaka masikioni. Kondakta alipoanza kuita abiria wa Dar, mama alikuwa ameinama anamfunga Mwanaidi kiatu. Nikakiweka kile kifurushi chini, nikakisukuma kwa kisigino chini ya benchi. Nikaagana na mama, nikapanda basi na watoto, nikapunga mkono dirishani kama mtoto mwema.

Mwacha asili ni mtumwa. Wengine huiacha asili yao kwa mambo makubwa. Mimi niliiacha kwa kuwaonea haya watu nisiowajua, ambao hata majina yao sikuwahi kuyasikia.

Huko Dar tukapanda ndege, na kupaa hakukuwa na tabu kubwa. Watoto waliduwaa, mimi nikashika roho mkononi. Tulipokaribia Mwanza, akapita binti mmoja mhudumu, nadhifu, na sinia dogo la pipi. "Chukueni, tunaanza kushuka," akasema. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi. Shabani akachukua yake, akaanza kuimenya karatasi. Nikampokonya. "Usile! Tutamwonyesha baba pipi za ndege." Nikachukua ya Mwanaidi na ya kwangu, zote tatu nikazitia mkobani ziwe kumbukumbu. Nakuapia, mwanangu, zingekuwapo leo ningezitupa chooni moja baada ya nyingine.

Ndege ikaanza kushuka. Masikio yangu yakaziba, nikameza mate, yakazibuka. Sikufikiri kwamba ni kule kumeza kulikoyazibua. Mwanaidi akaangua kilio, kile cha kufungua kinywa chote mpaka koo linaonekana. Watu wakageuka. Nikamfinya paja, akazidi. Nikamwambia huku nimeuma meno, "Mtazame kaka yako!"

Na kaka yake alikuwa wa kutazamwa kweli. Alikaa wima, amekamata kiti kwa mikono miwili, midomo ameibana mpaka imepauka. Machozi yanamtoka, sauti haitoki. Macho hayakuwa kwangu wala dirishani. Alikuwa ameukazia macho ule mlango wa mbele, wa chumba cha rubani. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu haya. Nikajisifu moyoni kwamba nimelea.

Uwanjani baba yao akawanyanyua wote wawili kwa pamoja. Nikamwambia, "Mwanao ni mwanaume. Huyu mwingine kanitia aibu, lakini Shabani hata kukohoa hakukohoa." Baba yake akampapasa kichwa. Shabani akanivuta khanga.

"Mama, tumeshuka kabisa?"

"Tumeshuka."

"Basi sasa naruhusiwa kulia?"

Tulicheka, mwanangu. Mimi na baba yake, pale uwanjani, tulicheka kwa sauti. Nikamwambia, "Ulie nini, na umeshafika kwa baba yako?" Naye, kwa kuwa alikuwa mtii, akanyamaza tena.

Siku ya nne nikakuta doa kwenye foronya yake, damu na usaha. Hata hapo sikukimbilia hospitali. Jirani mpya akanishauri mafuta ya nazi ya uvuguvugu, nikamtilia. Homa ikaja ikaenda, usaha ukaja ukaenda, nami nikasema ni hali ya hewa ya ziwa. Zilipita wiki kadhaa kabla baba yake hajamchukua kwa nguvu kumpeleka kwa daktari, nikawafuata nyuma.

Daktari alikuwa mtu mzima, mpole. Akamulika sikio la kushoto kwa muda mrefu. Akasema ngoma ya sikio ilipasuka, kisha uchafu ukaingia, nasi tumechelewa. Akaniuliza kama mtoto alisafiri kwa ndege akiwa na mafua. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Hawakugawa pipi?" Nikasema waligawa. "Alikula?" Nikainamia mkoba wangu. Zote tatu zilikuwa bado zimo humo. Akanieleza taratibu kwamba pipi ile haigawiwi kwa ukarimu, inagawiwa ili mtu ameze, kwa maana kumeza kunazibua masikio. Nikaisikia sauti ya mwanamke wa mbele kwenye lori. Mezeni! Pipi ile na muwa wa mama vilikuwa kitu kimoja, kimoja kimefungwa kwa karatasi na kingine kwa jani la mgomba. Vyote viwili nilivikataa.

Daktari akamgeukia Shabani. "Baba, sikio lilipouma mbona hukumwambia mama?"

Akajibu polepole, "Mlango ulikuwa karibu."

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa. Maji yakimwagika hayazoleki; sikio lile mpaka leo halisikii.

Mwisho wa mwaka tulikuja likizo, nikapanda na watoto kwenda kwa mama. Tulimkuta anachambua maharage kwenye ungo. Akamwita Shabani kutoka upande wa kushoto. Hakugeuka. Akamwita tena. Akaweka ungo chini. Nikamweleza yote, isipokuwa moja.

"Na muwa?" akauliza.

"Tuliusahau kwenye basi, mama."

Akanitazama usoni. "Kifurushi nilikikuta chini ya benchi kabla vumbi la basi lenu halijatua. Nikakirudisha kapuni, nikapanda nacho mlima. Siku tatu kilikaa pale jikoni, nikawa najiambia labda atawanunulia mwingine huko Dar."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikata kauli. Sijawahi kumwona mama amekasirika namna ile, wala sikumwona tena.

"Usiniombe mimi. Kunionea haya mimi ni jambo dogo, mzazi anavumilia. Lakini wewe ulimziba mtoto mdomo kwanza, ndipo ukampeleka mahali pa kuziba masikio. Huyu mdogo aliyekutia aibu amepona kwa sababu alipiga kelele, kelele zikamzibua. Aliyekutii ndiye uliyemponza. Sasa niambie, siku nyingine nani atakutii?"

Siku ile yote hakunisemesha. Aliwamenyea watoto muwa, mimi hakunipa.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Yangu yalikuja yakakaa, na ndiyo yaliyomfokea binti wa jirani juzi. Hasa nikiwaona ninyi wa siku hizi. Mnamvisha mtoto miwani ya jua, mnampiga picha uwanja wa ndege akiwa na kisanduku cha magurudumu, picha zinazunguka ukoo mzima kabla ndege haijapaa, na mtoto mwenyewe hajui anapelekwa wapi wala nini kitamkuta. Hapo sioni tofauti yenu na mimi na ile suti ya bluu. Simu tu ndiyo mpya.

Basi nisikilize, mwanangu, sitarudia mara mbili. Kabla ya safari mkalishe mtoto umwambie kweli, kwa maneno anayoyajua. Mwambie atafungwa mkanda, ndege itanguruma, itatikisika, na masikio yatajaa kama mtu aliyezama kwenye maji. Usilolijua sema hulijui, ukamuulize anayejua. Mwenye mafua mpeleke kwanza kwa daktari, na akikwambia ngoja, ngoja. Haraka haraka haina baraka, na tiketi haina sikio la kupoteza. Ndege ikianza kushuka mwamshe aliyelala, mpe kitu ameze, mchanga mnyonyeshe, mdogo mpe maji anywe kidogo kidogo. Akivaa suti sawa, akivaa kaptula sawa, masikio hayatazami nguo. Na rubani, askari, na daktari, waache na kazi zao, usiwageuze mazimwi. Siku mwanao akiumia, hao ndio utakaotaka awakimbilie. Mzee wako wa kijijini akikupa kitu kimefungwa kwa jani, kifungue uulize ni cha nini kabla hujatafuta pa kukificha.

Shabani sasa ni mtu mzima, ana binti wa miaka mitano. Akikaa na mtu huhama kiti mpaka mtu huyo awe kuliani kwake, na wasiojua hudhani ana maringo. Mwaka jana alimpeleka binti yake Mwanza kumwona babu yake wa upande wa mama, kwa ndege. Nilimenya muwa mwenyewe, nikaukata vipande vidogo, nikaufunga. Jioni akanipigia simu kuwa wamefika. Nyuma yake nikasikia mtoto analia kwa nguvu zote, nikashtuka.

"Ana nini? Sikio?"

"Hapana, mama. Muwa alitafuna wote. Ana usingizi tu, kachoka."

"Sasa mbona humnyamazishi?"

"Nimemwacha alie, mama," akasema. "Tumeshashuka."

Nilikata simu nikakaa uani mpaka chai ikapoa.

Nenda, mwanangu. Mola awatangulie huko juu na awapokee huko chini. Awafikishe wanao na masikio yao mazima na midomo yao wazi, na akupe wewe moyo wa kusikia sauti zao hata zikikutia aibu mbele za watu. Na ndege ikianza kushuka, usimtazame abiria yeyote usoni. Watazame wanao, uwaambie kwa sauti: mezeni.